Umepandisha kifurushi, simu ya video bado inakatika. Ulitegemea nini?

Nimeulizwa tena, na ni lile lile. Mtu ana kifurushi cha Mbps 50, simu za video zinakatika katika, akapanda mpaka 200, zikaendelea kukatika, sasa anataka ushauri wangu kama aende 500 au ahame kampuni kabisa. Namuuliza ruta umeiweka wapi, ananijibu iko ndani ya kabati nyuma ya TV, haionekani, pamependeza. Jamani.

Mimi kazi yangu ni kufunga na kutengeneza netiweki za majumbani, na hii imani kwamba intaneti ni namba moja tu, Mbps, ikiwa kubwa nyumba ina raha ikiwa ndogo nyumba ina shida, ndo inaniletea wateja na ndo inanipandisha presha, vyote kwa pamoja. Leo naandika ili siku nyingine nikiulizwa nitume linki nikalale.

Ya haraka kwanza. Mbps ni megabiti kwa sekunde, mafaili yako yanahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8, kwahiyo laini ya Mbps 100 ikikushushia faili kwa megabaiti 12 na kidogo kwa sekunde hujaibiwa, punguza hasira. Kubadilisha DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, hakuongezi spidi ya kushusha kitu, kunaweza kuharakisha kidogo ule mwanzo wa kutafuta anwani, basi. Halafu matumizi yenyewe: Netflix wanapendekeza Mbps 15 kwa picha ya 4K na Mbps 5 kwa picha ya 1080p, na simu ya video ya watu wawili inakula Mbps chache tu. Weka TV mbili za 4K zinacheza kwa wakati mmoja, mtu mmoja yuko kwenye kikao cha video, mwingine anaperuzi, bado hujafika 50. Kama we ni mtu wa magemu hapo nakuelewa, gemu la gigabaiti 100 kwa Mbps 50 litakuchukua zaidi ya masaa manne na kwa 500 ni chini ya nusu saa, hiyo tofauti utaiona na hela yako ina kazi. Lakini wengi wanaonipigia hawashushi magemu, wanalalamika kwamba sauti inakwama na ukurasa unafikiria kabla ya kufunguka, na hayo ni mambo mengine kabisa.

Mbps inakwambia data kiasi gani inaweza kupita kwa sekunde moja. Muda ambao kipande kimoja cha data kinatumia kwenda na kurudi ni kipimo kingine, wacheza gemu wanakijua ndo maana wanaulizana pingi ngapi. Mwanga ndani ya faiba unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwahiyo seva ikiwa umbali wa kilomita 5,000 za waya basi kwenda na kurudi ni milisekunde 50, nunua kifurushi chochote duniani haitashuka hapo. Zile setilaiti zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta ndo balaa zaidi, ombi linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, hapo tayari ni karibu nusu sekunde kabla hujahesabu kitu kingine. Starlink wameziweka zao chini, kama kilomita 550, na unaona tofauti kwenye mazungumzo hata kama Mbps zingekuwa sawa.

Ila nyumba nyingi ninazoingia umbali sio tatizo. Tatizo ni foleni, na hapa naomba mnivumilie maana hiki ndo kitu ambacho hamna tangazo la kifurushi litakwambia.

Ruta na modemu (kile kifaa kinachounganisha nyumba na laini ya kampuni) zina kumbukumbu ya kushikilia pakiti, yaani vile vipande vya data, zinazosubiri kutoka. Data ikija kwa kasi kuliko laini inavyoweza kuipitisha, inapangwa pale kwenye foleni. Kumbukumbu imekuwa rahisi kuinunua, na kwa watengenezaji kudondosha pakiti ilionekana ni dhambi, kwahiyo wakajaza kumbukumbu kubwa. Sasa TCP, ule utaratibu unaobeba sehemu kubwa ya mnachofanya mtandaoni, kwa kawaida unapunguza mwendo ukiona pakiti imepotea. Pakiti hazipotei kwa sababu foleni ni ndefu, kwahiyo TCP haipati habari, inaendelea kusukuma, foleni inajaa na kukaa imejaa. Hapo simu ya mtu mmoja humo ndani imeamua kupandisha video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni, yenyewe kwa yenyewe, mwenye simu hata hajui. Upande wa kupandisha kwenye vifurushi vingi ni mdogo kuliko wa kushusha, unajaa mara moja. Wewe uko kwenye kikao, pakiti yako ya sauti, kitu kidogooo, inaenda kusimama nyuma ya mlima wa video. Pingi iliyokuwa milisekunde 20 inakuwa 400, inakuwa 800, nimeshaona inapita sekunde nzima. Sauti inakatika, mnaanza kuongea kwa kugongana, "unanisikia? unanisikia?", na ukipima spidi baada ya ile simu kumaliza kupandisha unakuta Mbps zako zote zipo, hamna hata moja iliyotoroka.

Na sio kupandisha tu kunakoumia. Ukishusha kitu kifaa chako kinarudisha vijumbe vya "nimepokea", na vyenyewe vinapita njia ile ile ya kupandisha, vikikwama kwenye foleni hata kushusha kunazorota. Kwahiyo mtu ana Mbps 200 za kushusha na anaona kurasa zinajivuta, afu anahitimisha kampuni wanambania.

Ugonjwa huu una jina, mhandisi wa programu Jim Gettys ndo aliyeupigia kelele mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kuuita bufferbloat, na dawa ipo muda mrefu sasa. Mwaka 2012 wataalamu wa netiweki Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, njia ya kusimamia foleni ambayo haiangalii foleni ina pakiti ngapi, inaangalia pakiti imekaa kwenye foleni muda gani, ikizidi inaanza kudondosha ili TCP ishtuke. Baadaye ikaunganishwa na utaratibu wa kutenganisha mazungumzo ili sauti yako isisimame nyuma ya video za mtu mwingine, ikaandikwa rasmi kwenye waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 8290, mwaka 2018. Kwenye ruta nyingi nzuri ipo humo ndani, ila imezimwa! Itafute kwenye setingi kwa jina la SQM au QoS, ingawa hilo la pili kila mtengenezaji ana maana yake.

Sasa ili ifanye kazi inabidi uiambie ruta laini yako ina Mbps ngapi na uweke pungufu kidogo, ili foleni itokee kwenye ruta yenye akili na sio kwenye modemu isiyo na akili. Na hapa ndo nagombana na wateja. Nimeweka, kikao kinaenda safi, watoto wanaangalia katuni, kila kitu sawa, mteja anapima spidi anakuta 180 badala ya 200 ananiangalia kama nimemwibia. Simu ya video imepona mbele ya macho yake, yeye analilia 20! Kuna mmoja alinirudisha niizime.

Nikiri pia kwamba hilo punguzo halina fomula. Vitabu vitakwambia asilimia 85 mpaka 95 ya spidi halisi, na kwa laini ya faiba iliyotulia nakubali. Kwa intaneti ya mnara wa simu ambayo asubuhi ni 60 na jioni ni 18, nakisia. Naweka namba, naangalia, nabadilisha, na mara nyingine naishia kuchagua kati ya kumbania mtu asubuhi au kumwacha ateseke jioni. Sijaona jibu linaloniridhisha hapo.

Kujipima ni rahisi, anza kupandisha faili kubwa halafu angalia pingi. Vipimo vingi vya spidi siku hizi vinaonyesha pingi wakati laini imelemewa, ila wameiandika kwa herufi za sisimizi chini kabisa wakati Mbps imeandikwa kama bango la barabarani, unadhani watu watasoma ipi. Na kumbuka kipimo chenyewe kinatafuta seva ya karibu, kinafungua miunganisho mingi kwa pamoja, kinadumu sekunde chache. Hiyo ni laini yako ikiwa imevaa suti.

Haya, waifai. Watu wanaita waifai kila kitu, "waifai imeisha", "waifai imekatika", wakati waifai ni hewa kati ya kifaa chako na ruta tu. Na vile vimistari kwenye simu vinaonyesha simu inaisikia ruta kwa nguvu gani. Haviwezi kukwambia ruta inaisikia simu yako vizuri kiasi gani, na mara nyingi simu ndo yenye sauti ndogo, wala haviwezi kukwambia kuna msongamano gani hewani. Hewa ni kikao cha ukoo, anaongea mmoja wengine wanasubiri, na yule mzee anayeongea polepole anakula muda wa wote. Yule mzee ni kile kifaa cha zamani kilichoko chumba cha mwisho, kinaongea kwa Mbps 6 huko, na wakati kinaongea laptopu yako mpya kabisa imekaa kimya inasubiri zamu.

Kwenye masafa ya waifai ya 2.4 GHz, chaneli (zile njia ambazo ruta inaongelea) ambazo hazigongani ni tatu, 1, 6 na 11 (upana wa chaneli ukiwa MHz 20, na tafadhali msiweke 40 huko). Kila mara nakuta mtu kaweka chaneli 3 kwa sababu apu ilimwonyesha "hamna mtu". Ukiwa chaneli 1 pamoja na jirani mnasikiana na kupeana zamu. Ukiwa 3 unamkera wa 1, unamkera wa 6, na wote wawili wanakukera wewe, hamna anayemwelewa mwenzake, ni makelele tu. Tanuri la maikrowevu nalo linafanya kazi huko huko kwenye 2.45 GHz, kwahiyo kama video inakwama kila mtu akipasha chakula, sio uchawi. Hamia masafa ya 5 GHz. Haipenyi kuta vizuri, kweli, ila na za majirani hazipenyi kuja kwako. Kitu kimoja tu, baadhi ya chaneli za 5 GHz zinatumiwa na rada pia, ruta ikihisi rada inalazimika kuhama, na kabla ya kuanza kutumia chaneli ya aina hiyo inasikiliza kwanza kama dakika moja. Ukiona waifai ya 5 GHz imepotea ghafla ikarudi yenyewe, inaweza kuwa hiyo.

Kuhusu mahali pa kuweka ruta: toa kabatini, toa nyuma ya TV (TV ni bati kubwa, unategemea nini), weka juu juu na katikati ya nyumba, mbali na kioo kikubwa na tangi la samaki. Zaidi ya hapo sijui kuwadanganya, mawimbi yanadunda kwenye kila kitu na nimeshaisogeza ruta kiganja kimoja tu chumba kizima kikabadilika, na kueleza kwa nini pale na sio pale siwezi. Na vile virudishio vya waifai (repeater) vya kuchomeka ukutani, mtu anakichomeka kwenye chumba ambacho waifai haifiki, simu inaonyesha mistari yote kwa sababu inakisikia kirudishio, ila kirudishio chenyewe hakisikii ruta. Hata kikisikia, kama kina redio moja kinapokea afu kinarudia kwenye hewa ile ile, nusu ya kasi imeenda. Ukiweza kuvuta waya mpaka huko, vuta waya.

Kuzima na kuwasha ruta je? Nafanya, kila fundi anafanya, anayekataa anakudanganya. Shida yake ni kwamba inafanya mambo mengi kwa mpigo, inasafisha kumbukumbu, inachagua chaneli upya, inaunganisha laini upya, kwahiyo kikipona mara nyingi sijui ni kipi kilichoponya. Ukiwa unafanya hivyo kila siku basi kuna kitu kinafichwa pale, usizoee.

Na ndiyo, kuna wakati kosa ni la kampuni. Chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, zima waifai, pima asubuhi, mchana na ile saa ya usiku ambayo kila mtu anaangalia kitu. Kwa waya asubuhi ni 200 na usiku ni 30, hapo nenda kagombane nao, una haki, na una namba mkononi. Lakini usiniletee kipimo ulichopima kwa simu ukiwa bafuni.

Jambo la mwisho kabla hamjanipigia. Ukimaliza kuvuta waya mpaka kwenye TV ukapima ukaona 94, usimwite fundi kwamba waya ni mbovu. Bandari ya waya, yaani tundu la kuchomekea, kwenye TV nyingi ni ya Mbps 100, na 94 ndo inayobaki baada ya makato yake. Kama ni kompyuta yenye bandari ya gigabiti ndo inasoma 94, hapo nipigie, maana gigabiti inataka nyaya zote 8 ndani ya kebo na inawezekana kuna jozi moja imekatika au kuna mtu alibana nne tu akaondoka.