Tairi ngumu haikuvushi Chalbi

Wengi wanaovuka jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, peke yao hujaza tairi upepo hadi zilie kama ngoma, wakiamini gari linalovuta kwa magurudumu yote manne halikwami. Si kweli. Tairi ngumu hukata mchanga na kujichimbia. Ipunguze upepo kutoka PSI (kipimo cha presha ya tairi) 35 hadi karibu 20: hulegea, sehemu inayogusa ardhi hurefuka, uzito ukatawanyika. Beba pampu, ujaze tena ukifika kwenye changarawe, maana tairi laini huchemka ukienda kasi. Tena Chalbi zamani palikuwa ziwa. Baada ya mvua, ganda la chumvi huonekana kavu kabisa, kumbe chini ni tope. Shuka, likanyage kwa nguvu. Kisigino kikizama, usipite hapo.