Huyo wa mwezini si mbwa mwitu wetu

Juzi kaja mteja mwingine, kanionyesha simu: mnyama wa kijivu, manyoya mazito, theluji, shingo kaitupa juu na mwezi mpana nyuma yake. "Fundi, nichoree mbwa mwitu huyu, umweke kwenye misitu ya miombo ya Ugalla, huku Tabora. Nataka kuchangia uhifadhi." Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: huyu hajawahi kukanyaga Tabora.

Kosa si lake peke yake. Kiswahili kimewapa wanyama wawili jina moja. Hata Mathayo 7:15, wale waliovaa mavazi ya kondoo ni mbwa mwitu, basi tumekua tukimjua wa mahubiri kabla ya wa porini kwetu. Wa kijivu ni wa Ulaya, Asia na Marekani Kaskazini. Wa kwetu ni ndugu wa mbali sana. Hazaliani naye, wala hazaliani na mbwa wa nyumbani. Mguu wa mbele ana vidole vinne, si vitano. Masikio makubwa, ya duara (ukitaka kumchora, anza na masikio, yakikukataa, acha). Wanasayansi humwita Lycaon pictus, na hilo pictus maana yake aliyepakwa rangi: mabaka meusi, ya manjano na meupe, na hakuna wawili wanaofanana. Watafiti humtambua kila mmoja kwa mabaka yake. Nikibuni mabaka, nimechora mnyama ambaye hayupo.

Na haulilii mwezi. Akipotezana na wenzake huita "huu, huu" laini inayofika mbali. Wakikutana hulialia kama ndege. Hata yule wa kijivu huwaita wenzake au kuyaonya makundi mengine. Mwezi tumeuweka sisi wachoraji.

Mnaniona mbishi? Makadirio ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya 2012 yalikuwa mbwa mwitu waliokomaa kama 6,600 Afrika nzima, na Tanzania ni moja ya nchi chache zilizobaki na wengi. Sasa mtu aliyetundika wa theluji dukani kwake, akikutana na wa kweli anakatiza barabara, atamjuaje? Niliwahi kumaliza turubai la kundi zima, mwenye oda akaligomea: "Mbona umenichorea mbwa koko wenye ukurutu?" Mnyama anayeonekana mbwa koko haonewi huruma na mtu.

Eti mbwa mwitu ni katili na hawana utu. Wakirudi kutoka mawindoni huwatapikia nyama watoto waliobaki pangoni, na kwenye windo watoto wakubwa kidogo hutangulia kula. Kuna familia ngapi za watu zenye adabu hiyo?

Eti kila picha ya mnyama ni Tingatinga. Hapana. Tingatinga ni mtindo, ulianzia Dar es Salaam kwa Edward Saidi Tingatinga miaka ya 1960.

Eti ukinunua picha ya mnyama, umeshamsaidia mnyama. Umemsaidia mchoraji, ahsante. Mnyama anasaidika pale fedha zinapotajwa zinakwenda wapi. Mchoraji Mwingereza David Shepherd mwaka 1960 alikuta hapa kwetu, enzi za Tanganyika, pundamilia 255 wamekufa kwenye dimbwi lililotiwa sumu na majangili. Baadaye, 1973, nakala za picha yake moja ya chui milia zilichangisha pauni 127,000 kwa ajili ya chui milia wa India. Picha, mnyama, fedha na mahali: vyote vilijulikana. Muulize anayekuuzia, nami mniulize.

Huyo wa juzi nilimuuliza anafuga mbwa wangapi. Watatu. Wamechanjwa? Akacheka. Makundi ya mbwa mwitu wa Serengeti yalitoweka 1991, na kichaa cha mbwa kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyokuwa yakiwaua. Maradhi hayo hutoka uani kwetu. Nikamrudishia kianzio chake, nikamwambia arudi na kadi tatu za chanjo, nitamchorea wa kweli, masikio na yote.