Walichukuliwa mchana kweupe

Tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe mwaka 1945, wengi wameamini kwamba Wayahudi wa vijiji vya Ujerumani walichukuliwa kwa siri, usiku wa manane, majirani wasione kitu.

Kwa Baden, kusini-magharibi mwa nchi, hilo si kweli. Tarehe 22 Oktoba 1940, Sikukuu ya Vibanda ya Kiyahudi ikiendelea, polisi wa serikali ya Wanazi waligonga milango asubuhi. Familia nyingi zilipewa saa moja au mbili tu kufungasha. Hata wazee dhaifu hawakuachwa. Wayahudi wapatao 6,500 wa Baden na mikoa jirani ya Pfalz na Saar walipakiwa kwenye treni hadi kambi ya Gurs, chini ya milima ya Pyrenees, Ufaransa. Njaa, baridi na matope viliua wengi huko. Kuanzia Agosti 1942, wengine wengi walipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji huko Poland, kupitia kambi ya Drancy karibu na Paris.

Picha za siku ile zipo. Katika kijiji cha Kippenheim, watu wanapandishwa lori mwanga ukiwa umetanda. Lörrach, mji mdogo, wakazi wamesimama wakitazama.

Ni haki kusema kwamba Oktoba 1940 mwanakijiji hakuweza kujua habari za vyumba vya gesi vya Auschwitz. Mauaji hayo hayakuwa yameanza. Ila kuondolewa kwa jirani yake aliyemuuzia ng'ombe miaka yote, hilo alilijua. Vyombo vya waliofukuzwa vilipigwa mnada hadharani, na picha za mnada wa Lörrach zinaonyesha umati wa wanunuzi.