Plastiki na Maji ya Moto ya Jua

Ukiulizia mtambo wa kupasha maji kwa jua pale Kibuye, Kisumu, fundi atakwambia: "Lazima shaba. Plastiki haipitishi joto." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko plastiki ya kawaida.

Lakini swali ni joto linasafiri umbali gani. Katika mtambo wa shaba, mabomba yameachana, hivyo joto hutambaa kwenye bati jeusi hadi lilifikie bomba. Hapo plastiki ingeshindwa vibaya. Sasa chukua bapa la plastiki nyeusi lenye mifereji iliyobanana, maji yakigusa karibu eneo lote. Joto linavuka ukuta tu. Ukuta wa milimita 1, kwenye jua la wati 800 kwa mita ya mraba, hupoteza nyuzi 4 hivi. Nyuzi 4! Kwa maji ya kuoga hutazijua. Mabwawa mengi ya kuogelea duniani hupashwa hivyo, kwa bapa za plastiki ya polipropilini zisizo na kioo cha kufunika juu.

Adui halisi ni mtambo kukauka. Siku ya mgao wa maji, chini ya kioo na jua la saa saba, joto laweza kupita nyuzi 100, na bomba la PVC hulegea karibu na 80. Kwa hiyo ukitumia plastiki, acha kioo. Na rangi iwe nyeusi ya masizi, maana hiyo pia huikinga isipasuke kwa jua.