Simu Hulia, Mtoto Hulia, na Hawana Ukoo

Wiki hii tena nimesahihisha mtihani wa uandishi wa programu za kompyuta nikakuta jibu lilelile: polimofizimu ni pale klasi mtoto (klasi ni kiolezo cha kuundia vitu vya programu, yaani objekti) inaporithi klasi mzazi. Hapana! Huo ni urithi, na nimechoka kuona mambo haya mawili yakifanywa kitu kimoja.

Chukua kitenzi "lia". Mtoto analia, simu inalia, kengele inalia. Kitenzi ni kimoja, kila mmoja analia kwa namna yake. Je, simu na mtoto wana babu mmoja? Hiyo ndiyo polimofizimu ya objekti: unaita methodi moja, yaani kazi ambayo objekti inajua kuifanya, na objekti inayoitwa ndiyo inayoamua kitakachofanyika. Urithi ni njia mojawapo tu ya kufika hapo. Lugha ya programu ya Go haina urithi wa klasi kabisa. Aina yoyote yenye methodi zinazotakiwa na kiolesura, yaani orodha ya methodi zinazohitajika, inakubalika, bila hata kujitangaza. Python nayo haikuulizi objekti ni mtoto wa nani. Inatafuta methodi, na ikiikosa ndipo inapolalamika. Kwa hiyo nawasihi, zoezi lenu la kwanza liwe la klasi mbili zisizo na udugu wowote. Ule mfano wa klasi za mbwa na paka zinazorithi klasi ya mnyama uwekeni kando, maana ndio uliowachanganya.

Wapo pia wanaoamini neno hili lililetwa na lugha ya Java, iliyotoka 1995. Lakini Christopher Strachey, mwanasayansi wa kompyuta Mwingereza, alilieleza katika mihadhara yake ya Copenhagen mwaka 1967, akitofautisha namna mbili. Ya kwanza ni funksheni inayofanya kazi vilevile kwa aina zote, kama kuhesabu urefu wa orodha, iwe ya namba au ya majina. Ya pili ni jina moja lenye kazi tofauti kulingana na linachopewa, kama "piga" yetu: piga pasi, piga simu, piga mswaki. Kwa hiyo anayesema methodi zenye jina moja na vigezo (vitu zinavyopewa) tofauti si polimofizimu amekosea: zimo, tena tangu mwanzo. Polimofizimu inayotokana na urithi ilikuja kupewa fungu lake na wanasayansi wa kompyuta Luca Cardelli na Peter Wegner mwaka 1985.

Na kwa kuwa Kigiriki chake ni "maumbo mengi", wengine hudhani objekti hubadilika umbo programu ikiendelea. Haibadiliki. Iliyoundwa mbwa ni mbwa hadi mwisho; maumbo mengi ni ya objekti mbalimbali zinazoweza kuitikia mwito uleule.