Kiuno Kinauma: Maswali Kuhusu Kairopraktika

Mimi ni hamali, nashusha mizigo gatini Lamu. Ndugu yangu aliye ng'ambo anasema nitafute kairopraktika. Ni nani huyo?

Ni mtaalamu wa kutibu maumivu ya mgongo, shingo na viungo kwa mikono. Kwanza hukuhoji na kukupima, kisha, ikifaa, husukuma pingili za uti wa mgongo kwa msukumo mfupi wa haraka. Hapasui. Fani hii ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895.

Ule mlio ni mfupa unaorudi mahali pake?

La, ni gesi iliyomo katika majimaji ya kiungo.

Ana tofauti gani na mkandaji wetu wa mtaani?

Mafunzo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka saa zisizopungua 4,200 za masomo, 1,000 kati yake zikiwa za kutibu wagonjwa chini ya msimamizi. Barani mwetu fani hii husomeshwa katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg, Afrika Kusini. Kairopraktika husoma maumbile ya mwili, magonjwa, picha za eksirei na, kwangu mimi hili ndilo kubwa, kumtambua mgonjwa asiyefaa kusukumwa. Mkandaji hodari hulegeza misuli, na simdharau hata kidogo. Lakini akitaka kukukanyaga mgongo au kukuzungusha shingo kwa ghafla, mkatalie.

Je, inasaidia?

Kwa kiuno, hupunguza maumivu kiasi, karibu sawa na mazoezi. Anayekuahidi kwamba itaponya pumu au kisukari, mkimbie. Usilale kitandani siku nzima. Tembea, na mzigo mzito mbebe wawili.

Nani asisukumwe?

Mwenye mifupa dhaifu, saratani au kifua kikuu cha uti wa mgongo, na aliyeanguka mnazini kabla hajapigwa picha. Kusukuma shingo kunahitaji tahadhari zaidi: ni nadra, lakini mshipa wa damu unaweza kuchanika ukaleta kiharusi.

Ukipata ganzi katikati ya mapaja, miguu ikalegea, au mkojo ukagoma kutoka au ukakutoka bila kujijua, usimtafute kairopraktika wala mkandaji. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Aliye Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, atafute boti, asingoje kupambazuke, maana mishipa ya fahamu ikibanwa muda mrefu huenda isirudi kufanya kazi.