Je, Wajua Kwa Nini Managu Hayafai Kufuata Nyanya?

Katika nyua nyingi za Kisumu, kipande cha ardhi kilicho nyuma ya nyumba hupandwa nyanya, sukuma wiki, kunde na managu, ambayo Wajaluo huyaita osuga na Kiswahili cha vitabuni huyaita mnavu. Nyanya zikishavunwa, mahali pake huonekana panafaa sana kwa managu, kwa kuwa udongo umekwisha kulimwa na kutiwa samadi. Hapo ndipo mpango unapoharibika, kwa sababu managu na nyanya ni mimea ya ukoo mmoja, pamoja na biringanya, pilipili hoho na viazi, na ugonjwa wa mmoja huweza kuwa wa wote.

Ugonjwa ninaouhofia zaidi ni mnyauko wa bakteria. Bakteria wake, Ralstonia solanacearum, hukaa udongoni, huingia mizizini kupitia vijeraha vidogo, kisha huzaana ndani ya mirija inayopandisha maji mpaka mirija hiyo ikaziba. Ndiyo maana mnyanya hulegea majani yakiwa bado mabichi, na kuumwagilia hakusaidii, kwani maji yapo ila hayana pa kupitia. Anayetaka kuhakikisha na akate kipande cha shina karibu na ardhi, akining'inize ndani ya gilasi ya maji safi. Baada ya dakika chache ataona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka pale alipokata. Bakteria hao hupenda joto, hivyo Kisumu huwafaa kuliko Nakuru, iliyo juu zaidi kwa takriban mita 700.

Managu yana hatari yake ya pekee. Baadhi ya aina za mnavu, hata zile zinazojiotea kama magugu, huweza kubeba bakteria hao bila kunyauka. Mwenye shamba huchuma mboga msimu mzima akidhani ameupumzisha udongo, kumbe ameendelea kuwatunza bakteria hadi nyanya zirudi.

Kwa hiyo, kabla ya mvua ndefu za Machi, inafaa kulichora shamba kwenye karatasi na kuligawa kwa koo za mimea badala ya majina ya mboga. Kipande kilichotoa nyanya au managu kipewe kunde, vitunguu, mahindi au sukuma wiki kwa miaka 2 au 3. Mimi ningeanza na kunde, kwa kuwa vifundo vya mizizi yake huhifadhi bakteria wengine, wenye manufaa, wanaonasa naitrojeni ya hewani, na sukuma wiki inayofuata hufaidika mabaki ya kunde yakifukiwa.

Mteremko nao uangaliwe, ingawa wengi huusahau. Nyanya zikipandwa upande wa juu, maji ya mvua huteremsha udongo wenye ugonjwa hadi vipande vya chini. Ni afadhali zianzie chini, kisha zihamie juu mwaka hadi mwaka. Jembe lioshwe baada ya kutumika katika kipande chenye ugonjwa, na mmea ulionyauka uchomwe, usitupwe kwenye mboji.

Mahali ambapo ugonjwa umekwisha kuingia na uwanja ni mdogo mno kwa mzunguko huo, nyanya zaweza kupandwa katika magunia au ndoo zilizotobolewa chini, zenye udongo uliotoka mahali pasipowahi kupandwa mmea wowote wa ukoo huo.